Tukio Lisimmeze Mtu: Mizani ya Historia na Uhusika katika Tamthilia na Riwaya za Kihistoria

Utangulizi

Kazi ya fasihi inayojengwa juu ya historia humpa mwandishi vitu viwili ambavyo mara nyingi hugombana. Kwanza, humpa matukio yaliyokwisha kutokea: vita, migomo, hukumu, tarehe na majina ya watu waliokufa kweli. Pili, humdai wahusika: watu wenye nafsi, wanaopenda, wanaoogopa, wanaobadilika. Akielemea upande wa kwanza, kazi yake hugeuka kuwa kitabu cha Historia kilichovishwa mazungumzo. Akielemea upande wa pili, wahusika wake huelea hewani, na vita vya Maji Maji vingeweza kubadilishwa kwa vita vingine vyovyote pasi na msomaji kugundua.

Makala haya yanachunguza namna mizani hiyo inavyowekwa, hasa katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Kwa ulinganishi tutaigusa Mzalendo Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, pamoja na riwaya mbili za Shafi Adam Shafi, Kuli (1979) na Vuta N'kuvute (1999). Hoja yetu kuu ni moja: undani wa kihistoria hauna thamani ya kifasihi kwa kuwa ni wa kweli tu. Una thamani pale unapomlazimisha mhusika kuchagua.

Suala hili si la nadharia tupu. Mwalimu yeyote aliyesahihisha insha za fasihi anawajua watahiniwa wa aina mbili. Wa kwanza huulizwa kuhusu sifa za Kinjeketile naye akajibu kwa kusimulia chanzo cha vita vya Maji Maji jinsi alivyofunzwa katika somo la Historia. Anayoyasema ni kweli, lakini hajajibu swali. Wa pili hutaja kwamba Kinjeketile ni jasiri, mwenye hekima na mzalendo, sifa ambazo angeweza kumbandika shujaa wa kitabu chochote. Wote wawili wamekosa jambo lile lile, yaani mahali tukio linapokutana na mtu.

Mwanahistoria na msanii

Tofauti kati ya mwanahistoria na msanii ilijadiliwa zamani na Aristotle. Alieleza kuwa mwanahistoria husimulia yaliyotokea ilhali mshairi husimulia yanayoweza kutokea. Kauli hiyo hutajwa mara nyingi kana kwamba inampa msanii ruhusa ya kusema lolote. Sivyo. Jambo linaloweza kutokea lina masharti yake: mtu wa tabia fulani, katika hali fulani, hawezi kutenda kila kitu. Msanii wa kihistoria amebanwa pande mbili, na matukio na vilevile na tabia ya mhusika wake.

Katika karne ya 20, mhakiki Georg Lukács aliongeza jambo linalotufaa sana. Akiichunguza riwaya ya kihistoria, hasa kazi za Walter Scott, aligundua kuwa mara nyingi mhusika mkuu si mfalme wala jemadari. Ni mtu wa wastani anayejikuta katikati ya pande zinazopigana. Wale wakubwa waliotajwa katika historia huonekana pembeni, wakaja na kuondoka. Sababu yake ni ya kisanaa. Maisha ya mkubwa yamekwisha kuandikwa na msomaji anajua mwisho wake, kwa hivyo mwandishi ana nafasi finyu ya kumkuza. Mtu wa wastani hana faili katika nyaraka za serikali. Mwandishi ana uhuru wa kumfinyanga, na kupitia kwake tunahisi uzito wa enzi nzima.

Tukiipima fasihi yetu kwa kipimo hicho, tunapata njia mbili. Ipo njia ya Shafi Adam Shafi, ya kumweka mtu asiyejulikana mbele na historia nyuma yake. Ipo pia njia ya Hussein na ya waandishi wa Mzalendo Kimathi, ya kumsimamisha shujaa mwenyewe katikati ya jukwaa. Njia ya pili ni ngumu zaidi, nasi tutaanza nayo.

Kinjeketile: historia inayoumba shaka

Yafaa kukumbuka historia yenyewe kwa ufupi. Mnamo 1902 utawala wa Kijerumani, chini ya Gavana von Götzen, ulianzisha mashamba ya pamba ambayo wenyeji walilazimishwa kuyalima kwa ujira duni. Kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kutozwa tangu 1898. Huko Ngarambe, mnamo 1904, Kinjikitile Ngwale aliaminiwa kuwa amepagawa na pepo, na akaanza kutoa maji ambayo yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Vita vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905 kwa kung'olewa kwa pamba, vikaenea kusini yote ya Tanganyika hadi 1907. Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, na makadirio ya baadhi ya wanahistoria kuhusu waliokufa, wengi wao kwa njaa, hufikia 300,000.

Mwandishi dhaifu angetaka kuyaingiza haya yote. Hussein anafanyaje? Anatufungulia tamthilia kwa wanawake wawili, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, wakizungumzia njaa na kazi ya mashamba. Hatuambiwi ni gavana gani aliyetoa amri wala ni mwaka gani. Tunachokiona ni nyumba isiyo na chakula, waume waliotekwa na shamba la mtu mwingine, na mke mwenye wasiwasi kwa kuwa mumewe amejifungia ndani haonekani. Sera nzima ya uchumi wa kikoloni imepita katika mazungumzo ya majirani. Mwanafunzi aulizwe hapa: ni nini tulichokijua kuhusu pamba, na ni nini tulichokijua kuhusu wanawake hawa? Atagundua kwamba majibu mawili hayo hayatenganiki. Hiyo ndiyo mizani tunayoizungumzia.

Mfano mzito zaidi ni ule wa jina la Seyyid Said. Katika utabiri wake Kinjeketile anawaahidi watu kwamba baada ya Wajerumani kuondoka watakuwa watoto wa Seyyid Said. Mtawala huyo wa Omani na Zanzibar alifariki mwaka 1856, karibu miaka 50 kabla ya vita. Kwa juujuu, hili ni pambo la kihistoria tu, jina la kale lililotiwa kuongeza ladha ya enzi. Lakini tazama linavyofanya kazi. Baadaye Kinjeketile anayatafakari maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe, na jina hilo linamchoma. Kuwa watoto wa Seyyid Said ni kutoka kwa bwana mmoja na kuingia kwa mwingine, na watu wa bara walijua fika utawala wa pwani ulivyohusiana na biashara ya watumwa. Basi ni pepo gani aliyesema haya? Ni ukombozi ulioahidiwa au ni mtego?

Hapo ndipo Kinjeketile anapozaliwa kama mhusika. Kabla ya hapo alikuwa mtume na sauti ya pepo. Baada ya hapo ni mtu aliyegawanyika, anayeyashuku maji aliyoyagawa na ambaye hawezi tena kuyazuia. Anawasihi watu wasubiri, nao hawataki kusubiri kwa sababu maji hayo ndiyo yaliyoyaunganisha makabila ambayo hapo awali yalichukiana. Akisema maji ni uongo, umoja unavunjika. Akinyamaza, watu wanakwenda kufa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na hapa methali hiyo imekuwa msiba wa mtu mmoja. Jina moja tu la kihistoria ndilo lililoufungua mgogoro huo wa nafsi. Tukiliondoa, mgogoro unapoteza mlango wake.

Pembeni mwa Kinjeketile, Hussein amemweka Kitunda, kiongozi wa mapigano. Kitunda anaamini mazoezi, mbinu na subira, naye anawatayarisha wapiganaji kama askari. Kwa kumlinganisha na Kinjeketile, mtahiniwa ataona maudhui mazito yakijitokeza: je, watu huunganishwa na imani au na mpango? Historia ya Maji Maji inaliuliza swali hilo, lakini tamthilia imeligawa katika watu wawili wanaoheshimiana. Huo ni usawiri uliokomaa.

Tarehe iliyohamishwa

Sasa tufikie jambo ambalo baadhi ya walimu hulipita kimya. Kinjikitile wa historia alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Hakuona kushindwa. Kinjeketile wa tamthilia yuko hai baada ya wapiganaji kushindwa. Yeye na Kitunda ni mateka, na adui anamtaka akane, aseme kwamba habari ya maji ilikuwa uongo.

Je, mwandishi amepotosha historia? Wapo watakaosema ndiyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwanafunzi wa Kenya hukutana na vita vya Maji Maji katika somo la Historia pia. Akiichukua tamthilia kama ushahidi, atakosea kule. Zaidi ya hayo, watu hawa waliishi na wana vizazi vyao. Kumhamishia marehemu siku ya kifo chake si jambo dogo.

Hata hivyo, tutazame mwandishi alipata nini kwa kuihamisha. Kama Kinjeketile angenyongwa mwanzoni, angekufa na shaka ambayo haijajaribiwa. Hangewahi kuona maiti za walioyaamini maji yake. Kwa kumwacha hai, Hussein anampa chaguo gumu kuliko yote. Sasa anajua kwamba maji hayakuzuia risasi, na kusema ukweli huo kungeonekana kuwa uaminifu. Lakini anajua pia kwamba ukweli huo, ukitamkwa mbele ya Mjerumani, utatumiwa kuwaambia watoto watakaozaliwa kwamba kupigana ni makosa. Anakataa kukana. Si kwa kuwa anaamini maji, bali kwa kuwa neno alilolizaa limekuwa kubwa kuliko yeye na si mali yake tena. Mtu anayeamini akifa kwa imani yake tunamheshimu. Mtu anayeshuku akikubali kufa ili imani ya wengine iishi anatutikisa. Tarehe ya kweli isingetupa mtu huyu.

Aidha, mwandishi hakujificha. Katika dibaji yake anabainisha kwamba Kinjeketile ni kiumbe wa sanaa na si Kinjikitile wa historia, ingawa wanafanana. Hata tahajia ya jina imetofautiana. Kwa maoni yetu, huo ndio uungwana wa msanii wa kihistoria: anapogeuza, aseme kwamba amegeuza. Jukumu la mwalimu basi ni kulifundisha badiliko lenyewe. Darasa lielezwe tarehe ya kweli, kisha liulizwe kwa nini mwandishi aliihitaji nyingine. Mjadala wa kipindi kimoja juu ya swali hilo hufunza uhakiki kuliko orodha ya sifa kumi za mhusika.

Mzalendo Kimathi: shujaa asiyeyumba

Tamthilia ya Mzalendo Kimathi, iliyotafsiriwa na Raphael Kahaso mwaka 1978 kutokana na kazi ya Kiingereza ya 1976, inatupa mfano wa njia nyingine. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kumiliki bastola na risasi kinyume cha sheria, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Waandishi wanasema wazi kwamba hawakukusudia kuirudia kesi jinsi ilivyoendeshwa. Kesi yao ni ya ukoloni mzima. Kimathi anajaribiwa gerezani na watu wa matabaka mbalimbali wanaomtaka asalimu amri, naye anawakataa mmoja baada ya mwingine.

Katika majaribu hayo Kimathi hayumbi. Ukimpima kwa kipimo tulichompimia Kinjeketile, utasema hajakua, kwani alivyo mwanzoni ndivyo alivyo mwishoni. Kumbukumbu za kesi halisi, zilizochapishwa katika kitabu mwaka 2017, zinaonyesha mtu aliyejitetea mahakamani kwa kudai kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Mtu huyo aliyebanwa na sheria, anayetafuta upenyo wa kuokoa maisha yake, hayumo katika tamthilia. Waandishi walimtaka Kimathi ambaye wakoloni walikuwa wamemzika chini ya matusi kwa miaka 20, wakamwinua kuwa nembo.

Je, tuseme basi kwamba mizani imevunjika? Mhakiki mwenye haraka atasema hivyo. Lakini waandishi waliyaweka makuzi ya uhusika mahali pengine. Mvulana na Msichana wanaanza kwa kugombania pesa, wakiwa watoto wa mitaani waliofunzwa na njaa kutoaminiana. Kupitia kwa Mwanamke anayewatuma kazi ya hatari, wanabadilika hadi kuwa watu wanaoweza kuhatarisha maisha kwa ajili ya wengine. Wao ndio wahusika duara wa tamthilia hii. Kimathi ni mlima, nao ni wapandaji. Mtahiniwa akiulizwa nani amekuzwa zaidi asikimbilie jina lililo kwenye jalada.

Pamoja na hayo, tusiufiche ukweli kwamba kuna gharama. Shujaa asiye na shaka hutufanya tumshangilie, ila ni vigumu kutufanya tuogope pamoja naye. Msomaji anatoka na heshima kubwa kwa Kimathi, lakini anatoka akimjua Mvulana na Msichana kwa karibu zaidi.

Riwaya za Shafi: historia nyuma ya mlango

Tukigeukia riwaya, Shafi Adam Shafi ametumia njia ya mtu wa wastani. Katika Kuli, mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948 unafikiwa kupitia kwa Rashidi, mwana wa kuli anayekua na kuwa kuli. Tunaanza na ufukara wa nyumbani, kisha jasho la bandarini, na hatimaye uamsho. Mgomo ule ulitanguliwa na mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, na pwani hizi mbili zilikuwa zikisikilizana. Riwaya inafaulu sana pale Rashidi anapoyajua haya kwa mwili wake mwenyewe kwa kubeba mizigo. Inalegea pale Faraji, mwenzake mwenye mwamko, anapogeuka kuwa mwalimu wa siasa anayemweleza mambo ambayo msomaji amekwisha kuyaona. Hapo tukio linaanza kummeza mtu: Faraji husema yale yanayotakiwa na historia, na ni nadra kusema yale yanayotoka katika nafsi yake.

Miaka 20 baadaye, katika Vuta N'kuvute, mwandishi huyo huyo amekomaa zaidi. Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mwanamume mzee. Anaitoroka ndoa, jamaa zake wanamkataa, na anapata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma. Harakati za kupinga ukoloni zinamfikia kupitia kwa Denge, mpenzi wake. Yasmin hakuutafuta ukombozi wa Zanzibar. Alichotafuta ni uhuru wa kuchagua nani alale naye chumba kimoja. Polisi wa mkoloni wanapomwandama wakitaka kumfikia Denge kupitia kwake, mambo hayo mawili yanakuwa jambo moja. Utengano wa rangi, dini na mitaa katika Zanzibar ya kikoloni hauhitaji kuelezwa kwa takwimu. Unaonekana katika mlango unaofungwa na jamaa na mlango unaofunguliwa na mgeni.

Vipimo vitatu kwa darasa

Kutokana na mifano hii, tunapendekeza maswali matatu ambayo mwalimu anaweza kuyatumia kwa kazi yoyote ya kihistoria.

Kwanza, kipimo cha kuondoa. Uondoe undani fulani wa kihistoria, kisha uulize: je, mhusika angetenda vivyo hivyo? Kama jibu ni ndiyo, undani huo ni pambo. Kama jibu ni la, umeupata mhimili. Jina la Seyyid Said linapita kipimo hiki, ilhali hotuba kadhaa za Faraji hazipiti.

Pili, kipimo cha badiliko. Mwandishi amegeuza nini katika historia, na mhusika amepata nini kwa mgeuzo huo? Ni lazima faida ionekane katika nafsi ya mhusika. Kugeuza kwa ajili ya kumpamba shujaa tu ni kumdhulumu msomaji.

Tatu, kipimo cha makuzi. Ni nani anayeanza akiwa hivi na kumaliza akiwa vile? Akiwa si mhusika mkuu, kwa nini mwandishi ameamua hivyo?

Tuchukue mfano wa swali: "Kinjeketile ni mfungwa wa neno lake mwenyewe. Jadili." Mtahiniwa dhaifu ataandika kwamba Wajerumani waliwatesa Waafrika, kwamba Kinjeketile alitoa maji, na kwamba watu walishindwa. Mtahiniwa bora ataonyesha hatua: neno linawaunganisha watu, neno linamtia shaka msemaji wake kwa jina la Seyyid Said, watu wanalichukua neno na kukataa kusubiri, na hatimaye msemaji anakataa kulikana japo anajua halikuzuia risasi. Kila hatua ina tukio, na kila tukio limefungwa kwa hali ya nafsi. Mtahini hahitaji kuambiwa mwaka wa vita ili aone kwamba mtahiniwa huyu ameielewa kazi.

Hitimisho

Tumeona kwamba hakuna kiwango kimoja cha historia kinachofaa kila kazi. Hussein ametumia kiasi kidogo akakifanya kichome. Waandishi wa Mzalendo Kimathi wamemweka shujaa juu na makuzi wakawapa wadogo. Shafi ameipitisha historia katika nyumba za watu wasiotajwa popote. Wanapofaulu, wote wanafaulu kwa sababu moja: tukio limempata mtu anayeweza kuumia kwalo.

Walimu wenzangu, vita vya Maji Maji viliua watu wengi mno, na katika takwimu hao wote ni tarakimu. Somo la Historia litawapa wanafunzi wetu tarakimu hizo, na ni haki yao kuzijua. Kazi ya kipindi cha fasihi ni kumpata angalau mmoja kati yao akiwa bado anaamua. Mwanafunzi akiweza kukaa na Kinjeketile katika kifungo kile na kuuliza kwa dhati, "Mimi ningekana?", amekwisha kuanza kuhakiki.